Koroboi ya Kupimia Hewa

Akina mama wenzangu wa Kigera, mmenisimamisha, nami nimesimama. Mkiona nalia msininyamazishe, niacheni nilie huku nasema. Sitamtaja mtu kwa jina.

Mume wangu alikuwa mchimba visima, upande wa Bunda, miaka ile tulipohamia kijiji cha ujamaa. Kabla mtu hajaingia shimoni, alikuwaga anafunga koroboi kwenye kamba na kuishusha taratibu. Ikizimika, chini hakuna hewa, haingii mtu. Ikiendelea kuwaka, anasema, "Haya, shukeni." Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyewahi kufia kwenye shimo lake. Nilimtaniaga kwamba hiyo koroboi anaipenda kuliko mimi.

Basi tangi la petroli la kijiji, lililofukiwa ardhini, likatoboka. Maji ya kisima yakaanza kunuka mafuta. Ikaamuliwa tangi litolewe, na udongo wote ulioloa uchimbwe, ukatupwe mbali. Mchimbaji nani? Ni yeye.

Asubuhi hiyo niliwapelekea uji, yeye na wenzake. Shimo lilikuwa limefika kifuani, na wawili walikuwa wametoka wakilalamika kwamba vichwa vinazunguka. Mume wangu akadhani ni hewa mbaya kama ya kisimani. Akasema, "Rudini nyuma wote, mpaka nipime." Wakarudi. Na mimi nikarudi, sufuria mkononi. Akawasha koroboi yake, akainama, akaishusha.

Moto ulitoka shimoni ukamfunika.

Tulimfikisha hospitali Musoma. Akaniuliza, "Nani mwingine kaungua?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Afadhali." Hakusema tena.

Nilivunjika, mama zangu. Sikuweza kutazama moto. Jiko langu lilibaki baridi, wanangu wakawa wanakula kwa jirani. Nilimkasirikia Mungu, nikamkasirikia na marehemu. Angekuwa mzembe kidogo tu, si angekuwa hai?

Watu walisema ule ni mkono wa mtu, siyo koroboi. Shimo likaombewa, kazi ikapangwa kuendelea. Nikamwona shemeji yangu anapita na koroboi nyingine, maana ndivyo kaka yake alivyomfundisha. Nilimkimbilia bila viatu, nikampokonya, nikakaa chini katikati ya njia. "Hapiti mtu na moto hapa. Mnikanyage kwanza!"

Hawakunikanyaga. Mwenyekiti akatuma mtu Musoma, akaletwa fundi wa bohari ya mafuta. Akatueleza kwamba mvuke wa petroli ni mzito, unatulia chini ya shimo, hauonekani, unalewesha, na ukikutana na moto unalipuka. Akawaamuru watanue shimo, waliache lipigwe upepo, kisha wachimbe kwa zamu fupi, kamba kiunoni, na mtu juu ameishika. Viberiti na viko nilivikusanya mimi pale njiani, kwenye kanga yangu. Mzee mmoja alinung'unikia kiko chake. Nikamwambia nung'unika, baba, ili mradi uko hai.

Tangi likatoka, udongo ukaisha, na wote wakarudi nyumbani kwao. Siku hiyo niliwasha jiko langu.

Namshukuru jirani aliyelisha wanangu. Namshukuru fundi yule, na shemeji yangu aliyekubali kupokonywa na mwanamke mbele za watu. Na kwenu nasema hivi: taa inayookoa kisimani, kwenye petroli inaua. Kazi ikibadilika, ulizeni upya, hata kama mkono umeshazoea.

Mume wangu hakuwa na wa kumuuliza. Waume zenu na wana wenu wanaye. Waleteni kwangu waniulize.