Rangi Iliyoingia Kidoleni

Kwenye benchi lililo kando ya duka la vifaa vya ujenzi, kahawa ilikuwa ya moto na hoja zilikuwa za moto zaidi. Brashi, mpaka rangi, aliketi katikati, kidole cha shahada kikiwa kimesimama kama shahidi aliyegoma kusema. Asubuhi hiyo mashine ya kupulizia rangi iliziba. Akaupangusa mdomo wa mashine kwa kidole bila kuizima, nayo ikapiga chafya ya rangi ndani ya nyama. Tundu lililobaki lilikuwa dogo kama la mwiba.

— Niende hospitali? aliuliza.

— Ukaonyeshe nini? alidakia Daktari wa Kaunta, aliyewahi kufagia duka la dawa. Hata damu huna! Msimamizi akisikia, mashine anampa mwingine.

Hilo lilimchoma Brashi kuliko rangi. Mashine ile aliisotea miaka, akipanda ngazi na kopo mkononi.

— Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Spana, fundi magari. Sasa wewe una ufa? Una tundu. Kunywa kahawa.

— Lakini kidole kimekuwa baridi. Na sikihisi.

— Si ndiyo kupona kwenyewe! Rangi inaua kutu, itashindwa kuua maumivu?

— Tena inazunguka na damu, aliongeza Daktari. Keshokutwa unatoka jasho la kijani. Shati usilifue, mzee, likamulie kwenye ndoo upake uzio!

Benchi zima likacheka. Brashi naye akacheka, kisha akajaribu kukunja kidole. Kikakataa.

Dada yake mkubwa, aliyepita kuchukua ufunguo wa nyumba, akakishika na kukigeuzageuza, akitafuta tundu la pili.

— Rangi imeingilia hapa, alisema. Imetokea wapi?

Daktari alifungua mdomo, akautilia kahawa.

— Nawauliza nyie wanaume. Hiyo rangi iko wapi saa hizi?

Spana alijitazama viganja. Brashi alipandisha macho kutoka kidoleni hadi kiganjani, hadi kwenye kifundo cha mkono, ambako mkanda wa saa uliokuwa ukicheza asubuhi sasa ulikuwa umezama katika nyama.

— Malizia kikombe basi, alinong'ona Daktari. Na mashine je?

— Mpeni anayeitaka, alijibu Brashi, akiwa tayari amefika barabarani, mkono hewani, akisimamisha gari lolote.