Sista Kasema Hospitali

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga gizani nilipomwamsha binti yangu Kerisha. Tukanywa chai upesi, tukawahi basi dogo la kwenda Port Antonio.

Mbele yetu bibi mmoja, mguu umefungwa bandeji, alikuwa akimweleza mzee aliyeketi naye. "Nilicheza ngoma kwenye kesha la siku ya tisa la kumuaga marehemu kaka yangu hadi kukakucha, na msumari umo kiatuni. Sikuusikia! Jana Sista Delphine wa zahanati kanifumbisha macho, kanigusagusa nyayo, nami sijui anapogusa. Kasema sukari imeua hisia, nisikose hospitali asubuhi hii."

Mzee akacheka. "Sista? Si nesi tu huyo? Ngoja daktari aje zahanati Alhamisi, mama. Huko hospitali watakukata mguu."

"Nesi huyu kasomea kupima na kutibu, baba. Presha yangu yeye ndiye anayeitazama."

"Mbona dawa akiandika, daktari ndiye anayetia sahihi?"

Mzee mwenyewe alikuwa na kikohozi ambacho, kwa kukisikia tu, hakijawahi kupelekwa kwa nesi wala daktari.

Nilitamani kusema kuwa Sista huyo ndiye aliyeigundua pumu ya Kerisha, lakini kuwaingilia wazee nilishindwa. Bibi akautazama mguu wake kama wa mtu mwingine.

Basi likasimama langoni. Hakuna aliyeinuka.

Kerisha akasema kwa sauti, "Bibi, hospitali ndiyo hii."