Njia Aliyotupitisha Mjomba

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuendesha gari la taasisi yetu, tarehe 30 Juni Mjomba anakabidhi funguo. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachopewa leo, lakini hapa ofisini tukiliita hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe. Kwetu sote, kuanzia mwenyekiti mpaka wanaojitolea, ni Mjomba tu. Nimepewa kazi ya kuandika maneno haya kwa sababu meza yangu ya mapokezi inatazama maegesho, nami ndiye niliyemwona akitoka na akirudi miaka yote hiyo. Niseme mapema kwamba kamati ilimuuliza anataka zawadi gani, na jibu lake lilitutoa jasho. Tutafika huko.

Mjomba aliajiriwa wakati taasisi ina chumba kimoja, simu moja na gari lililowaka kwa kusukumwa. Kazi yetu ilikuwa, na bado ni, kuchangisha fedha za utafiti wa saratani na kuwahudumia wagonjwa wakati wa tiba. Utafiti unafanywa na mabingwa huko maabara. Mgonjwa wa mionzi asiye na namna ya kufika hospitali, huyo alikuwa wa Mjomba. Alimchukua nyumbani, akamsubiri, akamrudisha mpaka mlangoni.

Alikuwa na sheria zake, na ole wako uzivunje. Kiti cha mbele ni cha mgonjwa. Mkurugenzi wetu wa kwanza alikaa nyuma, katikati ya mito na chupa za maji, na akazoea. Manukato garini hapana, kwa kuwa mtu aliye kwenye dawa za saratani, harufu humchafua roho. Mweka hazina wetu, mama anayependa kunukia, aliwahi kuombwa kwa adabu zote apande teksi. Alinuna wiki nzima. Siku hizi ndiye anayewakagua wageni. Kwenye matuta Mjomba alikanyaga breki mapema mno, hata mwenye mshono mbichi hakujua kama amevuka. Ndiyo maana tulichelewa kila mkutano tuliokwenda naye. Hata kama hakuna mgonjwa ndani, aliendesha kana kwamba yupo.

Mgonjwa alipomaliza tiba, Mjomba alifurahi na kununa papo hapo. Alimwambia asimwone tena ndani ya gari lake, kisha akarudi ofisini na kuniuliza kama kuna habari za yule aliyemaliza mwezi uliopita. Alikuwa anawakumbuka. Nilimwambia mara nyingi kwamba wakipotea ndiyo habari njema. Alilijua hilo kuliko mimi, na bado simu ikilia aliinua kichwa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyetushonea vilemba vya pamba laini kwa wanawake waliopoteza nywele, na kila mwaka alitembea mstari wa mbele kwenye matembezi yetu ya hisani, akiimba kushinda spika. Kisha ugonjwa ukampata yeye. Mjomba akawa anampeleka kwa gari lile lile, kiti kile kile, pamoja na abiria wengine.

Matembezi ya mwaka ule yalimkuta amelazwa, ghorofa ya tatu. Alimwambia mumewe anatamani kuyaona, hata kwa mbali. Mjomba akamjibu kuwa haiwezekani, kwani tunapita barabara kuu, upande wa pili wa mji. Asubuhi yake akashika usukani wa gari la kuongoza msafara, nasi tukafuata na fulana zetu na mabango. Kwenye mzunguko wa barabara, badala ya kwenda kulia, gari likakata kushoto. Mikono ilikuwa imezoea njia ya hospitali. Askari wa usalama barabarani aliachwa akipunga kwenye barabara tupu. Mweka hazina alikimbia ubavuni akigonga mlango, lakini Mjomba alipogundua kosa lake umati wote ulikuwa nyuma yake, hana pa kugeuzia. Tukaingia lango la hospitali, sote, tukiimba.

Wagonjwa wakatoka kwenye veranda. Wauguzi wakafungua madirisha. Ghorofa ya tatu alisimama mwanamke mwenye kilemba cha manjano, amejishikilia kwenye nondo za dirisha, akaitikia wimbo. Sauti yake haikutufikia, ila midomo tuliiona. Mjomba alizima gari. Hakushuka. Alitoa mkono nje na kuuacha juu. Mkewe alifariki kabla ya matembezi yaliyofuata.

Tangu hapo hatujapita pengine. Na kila mwaka, chini ya dirisha lile, gari hupunguza mwendo mpaka wapiga tarumbeta hukanyagana, na hakuna anayelalamika.

Sasa, mwaka huu kamati ilishaamua kurudi barabara kuu. Sababu zilikuwa za maana: watembeaji wameongezeka, lango ni jembamba, wafadhili wanataka mabango yao yaonekane. Katikati ya hayo tukamwita Mjomba tumuulize kuhusu zawadi. Tulishachagua saa ya ukutani, tukitegemea aseme chochote ni sawa. Alisimama, kofia mkononi, akasema, "Saa ninayo. Naomba mniachie ile njia."

Mwenyekiti akaanza kumweleza habari ya lango. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaongeza, taratibu kama anavuka tuta, "Mimi nilimwambia haiwezekani, akaniona nakuja. Na leo kuna mwingine amelala pale, naye anaambiwa haiwezekani."

Mwenyekiti akaifuta barabara kuu kwenye ratiba. Mweka hazina alitoka nje kutafuta leso. Muuguzi mkuu wa hospitali amekubali kutufungulia na lango la nyuma, na wafadhili watatundika mabango yao kwenye ukuta wa pale pale.

Basi Mjomba, zawadi yako ndiyo hiyo. Mwaka huu utatembea kwa miguu kwa mara ya kwanza, mstari wa mbele, pale alipokuwa akitembea yeye. Dereva mpya ameshaonyeshwa dirisha. Mimi nabaki na maegesho yangu, na ninavyojijua, nitaendelea kuinua kichwa kila gari likiingia. Tutakukosa sana, hilo sina namna ya kulipamba.

Asante kwa matuta yote uliyotuvusha. Asante kwa siku ile uliyokata kushoto. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi ambao hujawahi kuupata, na miguu yenye nguvu za kukufikisha chini ya lile dirisha. Ukifika, simama kadiri unavyotaka. Tutakuwa nyuma yako, na hakuna atakayekuharakisha.