Dada Yetu, Mpima Pumzi

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, kifungua mimba wa mama yetu. Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda hicho, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1991 akahitimu stashahada ya ufundi wa maabara. Tarehe 6 Agosti 1994 aliolewa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2016 hospitali yake ilipata mashine ya kupima pumzi. Mgonjwa hupuliza kwenye mrija, na papo hapo mashine hupima uzito wa chembe zilizomo, ikaonyesha kama kuna dalili za saratani ya mapafu. Hakuna sindano wala kungoja wiki nzima. Ila kila asubuhi ilibidi kwanza ionjeshwe pumzi ya mtu mwenye afya, iwe kipimo cha kulinganishia wengine. Dada hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Sigara hakuijua, na kitunguu alikipiga marufuku nyumbani. "Nimeoa mashine," shemeji alizoea kutania. Wenzake wakambandika jina la Pumzi Safi.

Machi mwaka huu alikwenda likizo, na mwenzake wa maabara akawa anapuliza badala yake. Aliporudi, Dada akapuliza kwa mazoea, mashine ikamlinganisha na pumzi ya mwenzake, ikatoa alama nyekundu ya ugonjwa. Wakadhani mashine imeharibika. Kumbe ilikuwa nzima. Saratani ilimnyemelea kifuani polepole, na kila asubuhi mashine iliuzoea ugonjwa wake ikauona ndio uzima. Waliougua kama yeye waliambiwa hawana kitu.

"Mimi niacheni kwanza," alimwambia daktari. "Tuwarudishe wale watu."

Aliwapigia simu mwenyewe, sauti ikimkauka. Wengi walirudi, na baadhi wakawahi matibabu. Mama mmoja hakupokea. Dada akaomba apelekwe kwake, akapanda ngazi huku tumemshika mkono. Mlango ulifunguliwa na mume wa yule mama.

"Tumemzika Alhamisi," alisema.

Dada akamweleza yote bila kujitetea. Yule baba akafunga mlango.

Tulimbembeleza sana, tukamwambia hakukusudia. Alifariki tarehe 4 Novemba 2025, mikononi mwa binti yake, na inatuuma mno.

Ameacha mume, binti, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake wawili. Yule mgane aliyetufungia mlango naye amekuja leo. Tulimwonyesha viti vya wageni, akatikisa kichwa, akaja kukaa hapa kwenye safu ya wafiwa.

Dada, lala kwa amani.