Tufani ya Isevya Inakwenda Kaliua

Kijiwe chetu cha Isevya hakina mwenyekiti kwa sababu wote ni wenyeviti. Jumamosi hiyo asubuhi Sabiri, fundi baiskeli tunayemwita Daktari kwa kuwa hata ukipiga chafya anakutajia dawa, alikuja na video kwenye simu: wazee wa Kimarekani, zamani walilipwa kucheza besiboli, na mpaka leo wana mashindano yao. Kwenye ncha ya benchi alikaa Mzee Xavery, jina la kijiweni Kona, winga wa zamani wa timu ya mpira ya Tufani ya Isevya, soksi kazipandisha hadi magotini. Veterani wa Kaliua walikuwa wameialika Tufani, mechi jioni ile ile.

— Muoneni huyu babu, alisema Daktari. Kapiga mpira kwa rungu, sasa anatimua mbio kuzunguka uwanja. Miaka sabini na mbili!

— Fiksi hiyo, akadakia Yahaya, tunayemwita Waziri kwa sababu haachani na redio. Hayo magoti ya plastiki. Kule ukistaafu unapewa magoti mapya.

— Na pumzi?

— Wanajazwa.

— Kama tairi?

— Fundi baiskeli ni wewe, unaniuliza mimi?

Nilicheka hadi kahawa ikanipalia. Kona hakucheka.

— Magoti yangu ni ya Mungu, alisema. Na leo nacheza.

— Mzee wangu, usiende, alisema Waziri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mpira unavunja yote mawili.

— Mkuu nani hapa?

— Si mimi Waziri?

— Muacheni aende! Daktari akapaza sauti. Mnyamwezi hazeeki miguu. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, wakarudi na majora ya vitambaa. Miguu ile tumerithi. Ongeza na asali ya Sikonge, inalainisha viungo kuliko grisi. Haba na haba hujaza goti!

— Kibaba, Daktari, Waziri akamsahihisha.

— Kibaba kina viungo?

— Basi mbona wewe Mnyamwezi unapanda bodaboda kwenda msikitini hapo?

— Babu yangu mimi alikuwa miongoni mwa waliobebwa.

Benchi zima likaangua kicheko. Kona akasubiri kiishe.

— Nyie mnanionea huruma magoti, alisema. Daraja la kwanza nimecheza misimu tisa. Nilipoacha niliona kama nimefiwa. Mnajua kinachoniuma? Kila Jumamosi jioni inanikuta nimekaa.

— Basi nenda, alisema Waziri. Ila usikimbie.

Tulikuwa tunacheka hilo iliposimama Haisi ya abiria, tupu, vumbi mpaka kwenye vioo. Akashuka dereva.

— Shikamooni wazee. Naitwa Anton, nimetumwa na veterani wa Kaliua nije kuichukua Tufani. Ni hapa?

— Marahaba. Hapa hapa, Kona akajibu, akasimama na mkoba wake, akapanda garini.

Anton akatazama gari, akatazama benchi.

— Wengine wako wapi?

Kipa wa Tufani tulimzika Itetemia. Beki mmoja yuko kwa mwanawe Nzega, hatoki kitandani. Wengine, sisi mabingwa wa kujua kila kitu hatukujua hata pa kuanzia kuwatafuta. Tangu asubuhi tunabishana kama Kona anaweza kucheza, hakuna aliyejiuliza atacheza na nani. Iliniuma, sifichi.

— Ungewaambia Kaliua ukweli, mzee, nilisema.

— Ningesema niko peke yangu, wangenialika?

Anton alikuwa akichezea funguo, hajui arudi ama angoje. Ndipo Waziri akavua kofia yake ya kitambaa, akaikunja, akaitia mfukoni. Akafungua mlango wa Haisi.

— Waziri, Kona akamuuliza, mpira unaujua?

— Siujui. Sogea nikae.