Viatu vya Kwenda na Kurudi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Shule niliiacha mapema na sijazoea kusimama mbele za watu, lakini leo nina neno kuhusu miguu yangu na Mungu aliyeiumba.

Wengi hapa Kapsoit mnanijua kama mtu wa kuondoka. Nimekata miwa huko chini Soin, nimepakia mawe Fort Ternan, nimechunga ng'ombe za watu Bomet. Hakuna aliyenifukuza popote. Nikiona barabara, nilitaka tu kujua inaishia wapi. Na kila mara kabla ya kuondoka nilinunua viatu. Mama akiviona mlangoni alijua. Hakuuliza kitu, alinifungia mahindi ya kuchemsha.

Mwaka jana niliporudi nilimkuta mgongo wake hauwezi tena kikapu cha chai. Nikaahidi kukaa. Kuahidi ni rahisi, ndugu zangu! Baada ya majuma machache miguu ilianza kuniwasha. Nikamwendea jirani yetu Mama Cherono, aniombee hamu hiyo ife. Aliomba, kisha akasema, "Lakini kama miguu inataka kwenda, ipeleke, halafu uirudishe."

Ndivyo nilivyoanza kukimbia. Kwenye mitumba nilichagua raba nyembamba za wanariadha, nyepesi, za rangi kali. Kisigino kimoja kilikuwa kimelika upande. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameacha mwendo wake humo. Sikujali. Mama alipoziona mlangoni, safari hii aliuliza.

"Hizi ni viatu za kuenda ama za kurudi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi nikashika barabara ya kuteremkia Soin. Nilijiambia mimi ni Mkipsigis, mbio ziko kwenye damu. Mteremko ni mwongo, ndugu zangu! Unakubeba ukidhani ni nguvu zako. Nilipogeuka, mlima wote ulikuwa mbele yangu, goti linauma, kisigino kimechubuka. Nikaketi kando ya barabara. Lori tupu la miwa likasimama. Dereva alikuwa akitafuta mtu wa kupakia, akaniambia niingie, chakula kiko mbele. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika mlango.

Sitawadanganya kwamba nilisikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia swali la mama, basi. Nikaachilia mlango. Nikapanda mlima nikichechemea, viatu mkononi, nikafika jioni. Mama alikuwa ameketi mlangoni, mahindi yamefungwa magotini mwake. Asubuhi nilikuwa nimeondoka bila hata kuyangoja. Akayafungua, tukala.

Goti lilipopona nilianza upya. Nilirudi sokoni jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kazi ya kutwa, nikiwa na soksi zangu, ili nijaribu viatu mguu ukiwa kama wa mbioni. Muuzaji, Mkisii mmoja mcheshi, aliposikia najifunza mbio aliniuliza tangu lini Mkipsigis akafundishwa kukimbia. Nilimwambia tangu leo. Nikageuza soli moja baada ya nyingine. Nilitafuta raba iliyolika sawasawa, inayokunjika penye vidole na siyo katikati, inayoshika kisigino na kubakiza nafasi ya kidole gumba mbele. Niliyoipata ilikuwa na rangi mbaya kabisa, nikainunua.

Sasa nilitembea kidogo, nikakimbia kidogo, nikatembea tena. Nikishindwa kuimba pambio, nilipunguza mwendo. Nilianza na upande wa mlima, ili kurudi kuwe mteremko. Nilipotaka kukimbia kila siku, mama alinikumbusha kwamba hata chai haichumwi kichaka kilekile kila asubuhi, kinaachwa kichipue. Nikapumzika siku moja, nikakimbia nyingine. Kila juma niliongeza kipande kifupi, hadi mti unaofuata au kona inayofuata. Leo nafika hadi kule chai inakoishia na msitu kuanza, naona barabara ikiendelea, nageuka. Bado natamani kujua inakokwenda. Lakini nageuka!

Ndugu yangu mwenye miguu kama yangu, usimwombe Mungu aikate. Mpe aifundishe njia ya nyumbani. Anza na kipande kidogo, naye atatembea nawe.

Namshukuru, kwa maana nikitoka sasa mama hafungi mahindi. Anabandika sufuria ya chai. Na juzi nilikuta ameosha viatu vyangu, ameviweka mlangoni vikitazama ndani.