Mzee Damu na Shati la Sita

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Damu atafunika sufuria yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja katika studio yetu, karibu yote akiwa fundi wa vidonda, makovu na damu. Kwa hesabu yake mwenyewe ameua watu mia nne na kumi na wawili, na wote waliamka wakaenda kula chakula cha mchana.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi wa chumba cha mavazi, kwa sababu damu anayoimwaga yeye, mfuaji wake ni mimi. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za Mzee, si za mume wangu. Nitajitahidi. Nina siku arobaini na moja tu za ndoa, kwa hiyo nikiteleza kidogo mnivumilie.

Mzee aliingia hapa kama mpaka rangi wa kuta. Siku moja fundi wa damu hakuonekana, wakamwambia, "Wewe, koroga hicho chekundu." Akakoroga, na hajaacha hadi leo. Damu yake ni sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo, ili, kama anavyosema, isionekane ina furaha mno. Kwenye mfuniko wa sufuria ameandika HUU SI MCHUZI. Maandishi hayo yaliwekwa baada ya dereva wetu kuchovya vipande viwili vya mkate, akasifu, kisha akauliza kama kuna cha kupeleka nyumbani.

Wengi mnaijua pia habari ya polisi. Mzee alirudi kwake kwa miguu mikono ikiwa myekundu hadi kwenye viwiko, na mfukoni mwake kikichungulia kiganja cha plastiki. Majirani wakapiga simu. Askari wawili walipofika, mkewe aliwafungulia mlango akawaambia kwa upole, "Ndiyo, muuaji anaishi hapa. Anaoga. Karibuni mkae." Tangu siku hiyo mama yule ameweka sheria moja: hakuna chekundu kinachovuka kizingiti chake. Mzee huoga studio na kubadilisha nguo ndipo aende nyumbani.

Lakini fundi huyu ambaye kila mtu anamsifu alikuwa na doa moja ambalo hakuna sabuni iliyoliweza.

Miaka ishirini na minane iliyopita studio yetu ilitengeneza filamu ya majambazi wawili, mtu na shemeji yake, kutokana na hadithi fupi ya kurasa saba. Katika hadithi anakufa mtu mmoja tu: shemeji anapigwa risasi kwenye ngazi, na mwandishi anasema, "Akaanguka." Basi. Filamu ikaua kumi na mmoja. Ila kifo cha kwenye ngazi ndicho kilikuwa roho ya kila kitu, na Mzee, wakati huo kijana, alikuwa amejificha chini ya ngazi na pampu yake ya mkono. Kutoka kwenye pampu lilipita bomba jembamba, likapanda ndani ya suruali ya mwigizaji mpaka kwenye kifuko cha damu kifuani.

Risasi ikalia. Mwigizaji akaanguka, akasema maneno yake ya mwisho, akafa. Damu haikutoka. Mzee akapampu kama mtu anayejaza upepo gurudumu la lori. Hakuna kitu. Ndipo alipotazama chini akaona amelikanyaga bomba lake mwenyewe. Akainua mguu. Damu ikaruka juu, ikamwagikia maiti usoni, na maiti ikatema mate.

Mashati safi yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo kipande kile kikabaki kwenye filamu. Watu walikwenda kuogopa, wakacheka hadi wakashikana mabega. Na kwa miaka ishirini na minane Mzee amekuwa akisalimiwa langoni, "Mzee, damu imefika?" Alikuwa akijibu, "Ipo njiani." Alicheka na wenzake. Lakini mimi ninayepiga pasi karibu na dirisha lake nimemwona akicheka kwa mdomo tu.

Mwaka huu filamu ile inatengenezwa upya. Sasa wanakufa ishirini na watatu. Mzee aliposoma muswada alisema, "Hadithi ni ileile, maiti ndizo zinazozaana." Mwongozaji wetu, ambaye mara ya kwanza ile alikuwa bado ananyonya, alieleza kwamba damu yote itawekwa baadaye na kompyuta. Mzee hakubishana. Aliomba kitu kimoja: kifo cha kwenye ngazi aachiwe yeye. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, na hakutaka kustaafu akiwa mtu wa damu iliyochelewa.

Akakubaliwa. Tulikuwa na ngazi kwa siku moja, jua la dirishani hadi saa tisa, na mashati meupe sita ya kipimo kimoja. Katika studio yetu mtu hufa mara nyingi kadiri ya mashati yake.

Shati la kwanza lilikufa kabla ya mwigizaji: alipiga chafya akinywa chai, kifuko kikapasuka. La pili, damu ilitoka vizuri mno, lakini muuaji alikuwa ameisahau bastola kwenye kiti. La tatu, maiti ilicheka. La nne niseme ukweli: fundi wa sauti aliniangalia mimi, nami nikamwangalia, na kinasa sauti alichokishikilia juu kwa mti mrefu kikashuka polepole hadi kikamgusa marehemu puani. Fundi huyo wa sauti ndiye mume wangu, na macho yake wakati ule, jamani! Basi, narudi kwa Mzee.

La tano, Mzee kwa kuogopa kuchelewa alipampu mapema. Mtu akalowa damu akiwa bado amesimama, ndipo risasi ikalia. Mpiga kamera akasema, "Sasa imefika kabla ya kutumwa." Watu walicheka. Mzee hakucheka hata kwa mdomo.

Nikakimbilia shati la sita. Lilikuwa juu ya meza ya pasi, na pasi ilikuwa juu yake tangu shati la nne, nilipokuwa nimetoka kwenda kutazamwa. Katikati ya kifua palikuwa na tundu la umbo la pasi.

Nililia. Mzee alikuja, akaliangalia tundu lile, akasema, "Mwanangu, nami nilikanyaga bomba." Kisha akafungua mkoba wake akatoa shati jeupe jipya, bado lina karatasi kwenye kola. Mkewe alimnunulia kwa ajili ya picha ya kuagwa, akamwonya, "Hili likirudi lina doa, na wewe usirudi."

Mzee ana tumbo, mwigizaji hana. Nikalikaza kwa nyuma kwa pini kumi na moja. Mzee akavua viatu, akaingia chini ya ngazi pekupeku ili auhisi mpira wa bomba kwa nyayo zake. Zilibaki dakika kumi za jua.

Risasi na damu vilitoka pamoja. Doa lilifunguka kifuani taratibu, likashuka, na mwigizaji akaangukia mgongo kwa uchungu ambao mwongozaji anausifu hadi leo. Ule uchungu ni pini ya saba. Hakuna aliyecheka. Mwongozaji alisahau kusema "kata". Aliyevunja kimya ni mama anayesafisha ngazi zetu, ambaye alikuwepo hata mara ya kwanza: "Mzee, leo imefika."

Mzee alitoka chini ya ngazi akiwa na vidole vyekundu, akijipangusa macho, na kujichafua zaidi.

Nililifua shati lile mara tatu, doa likabaki. Tukaenda kwake watatu, Mzee, mimi na mume wangu, kuomba msamaha mlangoni. Mkewe alisikiliza yote, akalichukua shati, akaliangalia. Akauliza kitu kimoja tu: "Walicheka?" Tukasema hapana. Akaingia nalo ndani, akivuka kizingiti na chekundu chake, akalitundika sebuleni. Kwa hiyo mkiona katika picha ya kuagwa Mzee amefunga koti hadi shingoni, msimuulize amevaa nini ndani.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kwamba kazi inaweza kuombwa irudiwe hata baada ya miaka ishirini na minane. Asante kwa kunipa shati lako. Mimi na mume wangu (la mwisho, naahidi), pamoja na maiti wako wote mia nne na kumi na wawili, tunakuombea maisha marefu, afya njema, na miguu iliyonyooshwa mbali na bomba lolote. Nenda nyumbani, Mzee. Umefika.